Wapasuaji

Msumeno wetu una mishikio miwili.
Wa juu huvuta akiuona mstari.
Wa chini huvuta tu,
anakula vumbi la mpaina, anamwamini mwenzake.
Mimi ndiye wa chini.
Usicheke: mbao zilizobeba bati lako
zilipita juu ya macho yangu.

Wa juu alikuwa Lutengano Tweve.

Ngiri ilianza kama yai la kware, hapa, kinenani.
Akasema ni gesi. Akasema ni maharage.
Mwaka wa pili ikawa ngumi.
Mwaka wa tatu akavaa koti la mvua jua likiwaka,
na kanisani akahamia benchi la mlangoni,
awe wa mwisho kusimama, wa kwanza kuondoka.

Akiugua wa juu, wa chini naye hoi,
ila mimi sina kidonda cha kumwonyesha mtu.
Niliuza nguruwe. Niliuza debe la mbegu.
Mwanangu Wende akakaa nyumbani muhula mzima
kwa kukosa viatu.
Msumeno ukaning'inia darini kwa Lutengano,
ukavaa kutu.

Juni, jalidi imeunguza viazi Makete nzima,
pikipiki ikapita na spika:
madaktari wa upasuaji, siku sita, hospitali ya misheni,
bure.
Lutengano akatema mate. "Kisu cha bure hukata bure."
Usiku ule mkewe, Sekela, aliushusha msumeno,
akaulaza kitandani, upande wake.
"Basi lala na huyu," akasema, akaenda kulala jikoni.

Foleni ilizunguka jengo mara mbili, watu na mablanketi.
Mama mmoja wa Matamba, rovu limemjaa shingoni kama kibuyu,
alitugawia viazi vya moto
bila kuuliza majina.

Daktari alikuwa na mikono midogo.
Akauliza, kupitia kwa nesi: "Kazi yako?"
"Mpasuaji."
Nesi alipotafsiri, akacheka mpaka barakoa ikashuka puani.
"Mwambie, na mimi."
"Mstari mnapiga kwa nini?" akauliza Lutengano.
"Sisi, uzi na masizi ya betri."
Akaonyeshwa kalamu ya zambarau.
Akaishika, akaipima, akairudisha.
Kisha sindano ya mgongo:
nusu ya chini ikalala,
nusu ya juu ikabaki macho, ikihesabu taa.

Siku ya saba magari yao yakateremka kona za Chimala.
Kidonda walimwachia nesi.
Sisi walituachia miezi mitatu:
asinyanyue kitu kizito kuliko ndoo nusu.
Miezi mitatu haina unga ndani yake.

Alfajiri moja nikamkuta Sekela jukwaani,
kitenge amekikaza kwa kamba ya katani.
"Vuta," akasema.
Waliokuwa wakienda kwenye ulanzi wakasimama.
"Mwanamke juu, mwanaume shimoni! Ukinga umekwisha!"
Tukavuta.
Ubao wa kwanza uliyumba kama wao walivyoyumba jioni;
ndio rafu yangu ya vyombo mpaka leo.
Wa kumi ulinyooka.
Lutengano, juu ya gogo, tupa mkononi,
alinoa jino baada ya jino, kimya.

Septemba nesi akamruhusu.
Akapanda jukwaani. Sekela hakushuka.
Wakatazamana kitambo; mimi chini nilisikia kimya tu.
Akashuka, akaichukua tupa.

Sasa fedha tunagawa mafungu matatu.
Yeye ananoa, anapiga mstari,
anakwenda Njombe kutafuta wateja, bila koti.
Wende ana viatu. Vinambana, nilikisia vibaya.

Juzi alifunua shati kutuonyesha kovu:
mstari mmoja, urefu wa kidole, haukuyumba popote.
Sekela akainama, akaufuata kwa jicho la fundi
toka mwanzo hadi mwisho.
"Hawa," akasema, "walikuwa na taa."